Ukurasa wa Sharifa

Kitabu cha Kassimu kilifika Nalingwe mwezi wa pili mwaka 2001, ndani ya mfuko wa Mwalimu Yustina, pamoja na chaki na sabuni za mche. Kilikuwa kitabu chembamba chenye picha ya chungu kwenye jalada, na jina lake lilikuwa *Mwaka wa Mabibo*. Jina la mwandishi lilikuwa chini, kwa herufi ndogo, lakini Nalingwe hawakuhitaji herufi kubwa. Mwenye jina alizaliwa hapo hapo, akakimbia uchi hapo hapo, na sasa alikuwa akifundisha chuo Dar es Salaam na kuvaa miwani.

Yustina alikuwa mtu wa Bukoba, aliyeletwa na serikali kufundisha kijiji kile cha mwisho mwisho kuelekea mdomo wa Ruvuma, na aliamini kwamba kitabu hakiwezi kumdhuru mtu. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa Riziki, dada yake Kassimu.

"Dada Riziki, nimelia mpaka kichwa kimeniuma," alisema. "Kisome, halafu umsomee na mama."

Riziki alikuwa amemaliza darasa la saba, na kusoma kwake kulikuwa safi. Alikichukua mpaka kwenye banda la korosho, akakaa juu ya magunia matupu, akakisoma peke yake kwanza. Kassimu alikuwa ameandika juu ya mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yakaachwa nyuma na mvua ikagoma. Baba alikuwa amekwenda kwenye mkonge Tanga na hakurudi. Riziki alikuwa na miaka kumi, Kassimu saba, na mdogo wao Sharifa alikuwa bado hajaanza kutembea. Vyote hivyo vilikuwemo, na ming'oko waliyochimba porini, na mhogo mchungu waliouloweka mara nyingi kwa kuogopa kufa.

Katikati ya kitabu palikuwa na ukurasa mmoja. Ulisema kwamba mwisho wa mwaka ule hapakuwa na chakula ila mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwa sababu mikorosho haikuhamishwa na haikujua habari za operesheni. Mabibo yalikamuliwa, yakatoka uraka, na uraka unalewesha. Jioni mama aliwapa watoto wake kata moja moja ya uraka ili njaa iwapitie wakiwa wamelala. Sharifa, kwa kuwa alikuwa mdogo, alilambishwa kwa kidole. Asubuhi Sharifa hakuamka. Kassimu hakusema kwamba uraka ndio uliomuua, wala hakusema siyo. Aliishia hapo, akafungua sura nyingine inayoanza na mvua.

Riziki alifunga kitabu akangoja machozi. Hayakuja. Alisikia ganzi tu, ile ya mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu. Aliyoyaandika Kassimu yalikuwa kweli mpaka kata ya mwisho, na Riziki alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiishika hiyo kata mama akimimina.

Sasa lazima nikueleze mama yao alikuwa nani. Bi Somoe alikuwa nyakanga. Msichana akivunja ungo, nyakanga ndiye anayesimamia unyago wake, ndiye anayemfunda, na siku ya kumtoa ndiye anayemshika mkono mbele za watu na kusema huyu sasa ni mtu mzima. Karibu kila mwanamke kijana wa Nalingwe alikuwa amepita mikononi mwa Bi Somoe. Hakuwa na mali, meno yenyewe yalikuwa ya kutafuta, na mwanawe wa kiume alikuwa mbali. Lakini siku za unyago kijiji kizima kilimsubiri yeye, na bila yeye ngoma haikupigwa. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani.

Riziki alimsomea mama kitabu kwa jioni kadhaa, mama akisikiliza huku anachambua kisamvu. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali alikosoa.

"Mbuzi yule hakuwa mweusi," alisema. "Alikuwa na baka. Kassimu hakuwa mtoto wa kuangalia vitu."

Walipofika kwenye ukurasa ule, Riziki alifunua karatasi mbili kwa pamoja na kuendelea na mvua. Mama aliendelea kuchambua kisamvu, na Riziki akashukuru.

Kufika mwezi wa nne, kitabu kilikuwa kimesomwa nyumba zote za Nalingwe, hata zile ambazo hakuna anayejua kusoma. Na kila nyumba ilikuwa na uhakiki wake. Mzee Sudi, aliyetajwa kwenye mstari mmoja tu, alilalamika kwamba ameandikwa anachechemea mguu wa kushoto ilhali mguu wake mbovu ni wa kulia, na kama mtu ameshindwa na mguu, hayo mengine atayaweza wapi. Jirani yake alilalamika kwamba hakutajwa kabisa. Imamu alisema nyumba ya Kiislamu haiweki uraka, na ikiuweka, haiendi kuuchapisha. Wengine walisema Kassimu ametia chumvi mwaka ambao hata chumvi yenyewe hawakuwa nayo. Lakini neno lililorudiwa zaidi lilikuwa hili: njaa ilikuwa yetu sote, yeye ameichukua akaifanya yake peke yake.

Dar es Salaam nako hawakunyamaza. Yustina alileta vipande viwili vya magazeti. Mhakiki wa kwanza aliandika kwamba mama wa kitabuni ni taswira ya taifa linalowanyonyesha wanawe ahadi. Riziki aliusoma mstari huo, akamtazama mama, ambaye wakati huo alikuwa anamfukuza kuku kwenye unga wa mhogo, akashindwa kuona taifa lilipo. Mhakiki wa pili aliandika kwamba hakuna mama wa Kiafrika anayeweza kumpa mtoto wake pombe, kwamba mwandishi amewatukana akina mama wote ili kuwafurahisha Wazungu, na kwamba kitabu kisiruhusiwe kuingia mashuleni.

"Huyu wa pili hana adabu," Yustina alisema.

"Ana bahati," Riziki alijibu.

Mwezi wa tano wanawake walikuja kumwona Bi Somoe. Walikuwa mama za wasichana watakaochezwa unyago mwezi wa sita, shule zikifungwa. Walivaa kanga nzuri, wakakaa kwenye mkeka, wakauliza hali ya mgongo wake na ya magoti yake. Halafu mmoja wao akasema kwamba umri umekwenda, na wao kama watoto wake wanaona vibaya kumsumbua, kwa hiyo mwaka huu nyakanga atakuwa Bi Latifa.

"Haya," Bi Somoe alisema.

Walingoja aseme jingine. Mdogo kuliko wote, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, akajikuta anasema, "Siyo sisi, bibi. Ni hicho kitabu. Watu wanasema nyakanga hawezi kuwa mtu aliyemlambisha mtoto uraka akafa. Tutawapaje mabinti zetu?" Wenzake wakamfinya, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Haya," Bi Somoe alisema tena.

Walipoondoka alimwita Riziki aliyekuwa jikoni. "Kuna mahali ulipapita," alisema. "Nenda kachukue kitabu."

Riziki alikichukua. Alisoma ukurasa ule kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, kama anasoma bei ya mbolea. Mama alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono juu ya magoti.

"Ameliandika jina lake?" mama aliuliza.

"Ameandika. Sharifa."

"Rudia hapo."

Riziki alirudia. Mama akamwambia arudie tena. Riziki alisoma Sharifa alilambishwa kwa kidole, akasoma asubuhi Sharifa hakuamka, na kila aliporudia alitaka kukitupa kitabu motoni. Aliona kwamba mama anajiumiza makusudi, vile mtu mwenye jino bovu anavyolisukuma kwa ulimi. Hakulifikiria kwa namna nyingine. Na kwa haki, angelifikiriaje? Tangu mwaka ule jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba yao. Mtoto mchanga wa Nalingwe hawekewi matanga. Sharifa aliogeshwa na mabibi wachache, akasaliwa na kuzikwa kabla jua halijawa kali, na mchana mama akarudi kukamua mabibo, kwa kuwa walibaki wawili wanaotaka kula.

"Basi," mama alisema mwishowe. "Kiweke."

Toka siku ile Bi Somoe hakutoka nje ya uwanja wake. Alifagia, akakaa. Jua likigeuka, naye akageuza kigoda. Chakula alikula akiambiwa ale. Vijana waliokuwa wakipiga ngoma za mazoezi upande wa pili wa kijiji walisikika mpaka pale, na Riziki alimchunguza mama usoni asione hata mshipa mmoja ukicheza. Jambo hilo lilimtisha kuliko kilio. Angelia, Riziki angejua la kufanya.

Aliyeamua kulimaliza jambo hilo alikuwa mjomba Mfaume, kaka yake Bi Somoe. Kwao watoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema limesemwa. Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akamwita Riziki pembeni.

"Ijumaa baada ya sala naita kikao kwangu," alisema. "Kassimu hayupo, wewe ulikuwepo. Ukisimama mbele za watu ukasema yale ya kitabuni hayakuwa, dada yangu anarudi mahali pake. Nimeshaongea na wazee. Ukisema yalikuwa, au ukiinama tu kama mlivyozoea, basi tena, atakufa amekaa hapo kwenye kigoda."

"Na Kassimu, mjomba?"

"Kassimu yuko Dar es Salaam. Huko mwongo anaishi vizuri tu."

Riziki alimpelekea mama maji ya kuoga, akamweleza. Mama alijimwagia kata mbili kichwani kabla ya kujibu.

"Sema ulichokiona," alisema.

Riziki alidhani mama amesema hivyo kwa sababu ndivyo mama wote wanavyosema. Alichokiona? Alichokiona ni kwamba mwaka ule hakuna nyumba yenye mtoto ambayo haikufanya hivyo. Alitumwa yeye mwenyewe kuazima kata nyumba kwa nyumba, na alikuta watoto wenzake wamelala chali saa za magharibi, wananuka mabibo. Bibi yake Bi Latifa alifanya. Mama yake yule mwanamke aliyefinywa alifanya. Kusema yote kungekuwa kuwavua nguo mabibi wote wa Nalingwe siku moja, na Riziki alikuwa bado anahitaji kuteka maji kwenye kisima chao.

Ijumaa watu walijaa uwanja wa mjomba Mfaume, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Bi Somoe hakuwepo, kwa kuwa anayezungumzwa hakai kikaoni. Mjomba alifungua kwa dua, akaeleza shauri. Kabla hajamaliza, Bibi Rozalia akasimama.

Bibi Rozalia alikuwa Mmakua aliyeolewa Nalingwe zamani, Mkristo, mtani wa ukoo ule. Mtani ana ruhusa ambayo hata sheria haina. Anaweza kulala kwenye kaburi akadai malipo, anaweza kumtukana marehemu, na hakuna wa kukasirika, maana akikasirika ndiye atakayeonekana mjinga. Aliichukua kata kwenye mtungi wa maji wa mjomba, akaanza kupita kwenye mikeka anachechemea kwa makusudi, huku akimwinamia kila bibi mzee.

"Fungua kinywa, ntoto wangu, ulale," alimwambia wa kwanza. "Na wewe je, wako hakunywa? Mbona alikuwa akilala mpaka kunguru wanamtua kichwani? Watoto wenu nyie Wamakonde, wote wa umri wa Riziki, wamelelewa na uraka, ndio maana wakitembea wanayumba. Njaa ile ilinikuta hapa na mimi. Ntoto wangu Danieli nilimpa kata mbili, angalia alivyokuwa fundi baiskeli, hakuna tairi analofunga likanyooka."

Watu walicheka. Walicheka sana, na vijana wakacheka zaidi, kwa kuwa kwao ilikuwa vichekesho tu. Lakini Riziki alikuwa akiwatazama mabibi. Walicheka wameziba vinywa kwa kanga, na mmoja wao, yule aliyemwogesha Sharifa, macho yalikuwa yamemlowa. Kwa dakika ile moja kila kitu kilikuwa kimeshasemwa mbele za watu na hakuna aliyekufa. Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwingine angesimama pale pale, kicheko kikiwa bado midomoni, akasema ni kweli, bibi, na mama yangu alikuwa mmoja wenu. Riziki hakuuona mlango. Aliona mama yake anachekwa.

"Ya mtani ni ya mtani," mjomba Mfaume alisema, akipangusa macho. "Hayaandikwi. Sasa tumsikie Riziki."

Riziki alisimama. Hakuwa na hofu, hakuwa na kitu. Alisikia sauti yake ikitoka kana kwamba inatoka nyumba ya pili.

"Ule ukurasa ni uongo," alisema. "Nilikuwepo. Mama alitupa ming'oko na maji. Uraka hatukupewa."

Minong'ono ilipita, ya kuridhika. Lakini Bi Latifa, ambaye alikuwa na haki ya kuuliza kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapoteza, akauliza, "Na huyo mtoto aliyekufa?"

Riziki hakuwa amelitegemea hilo. Alimtazama mjomba. Mjomba akamtazama na kumtikisia kichwa kidogo, kama anayemruhusu mtoto kuchukua nyama ya pili. Na uongo una utaratibu wake. Ukishaweka mguu wa kwanza, wa pili unakwenda wenyewe.

"Ni wa kitabuni," Riziki alisema. "Kassimu amemtunga. Waandishi ndivyo wanavyofanya."

Mzee Sudi, ambaye ndiye aliyechimba kaburi lile dogo mwaka ule, aliutazama mguu wake mbovu. Mabibi waliomwogesha mtoto walitazama mikeka. Kila mmoja wao alikuwa ameokolewa na maneno yale, na hakuna aliyekuwa tayari kukataa wokovu wake. Bibi Rozalia peke yake alirudisha kata kwenye mtungi, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumtania mtu.

"Mmesikia," mjomba Mfaume alisema. "Limekwisha."

Wanawake hawakungoja hata kahawa. Waliinuka kundi zima, wakaelekea kwa Bi Somoe wakipiga vigelegele, na Riziki akawafuata nyuma. Njiani walimshika mabega, wakamwita mtoto mwema. Alitaka kuona furaha. Alikuwa amerudisha kile alichokuwa amedhamiria kukirudisha, hakuna aliyeumia ila kaka mmoja aliye mbali, na alipojipapasa ndani hakupata furaha wala majuto. Alifikiri labda vitakuja baadaye.

Bi Somoe alikuwa uwanjani kwenye kigoda chake. Wanawake walipiga magoti mbele yake, wakamwomba radhi, na yule mdogo aliyefinywa siku ile ndiye aliyeomba kwa nguvu kuliko wote.

"Tumekosa, nyakanga," alisema. "Turudie. Tunakutaka leo hii, wasichana wanakungoja. Riziki ametueleza, na sasa tumejua kitabu ni uongo mtupu."

"Amewaeleza nini?" Bi Somoe aliuliza.

"Kwamba hukumpa mtu uraka."

"Na Sharifa?"

Yule mdogo aligeuka kuwatazama wenzake, kisha akamrudia bibi. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kujua ili ajibu vizuri.

"Sharifa yupi?" aliuliza.

Bi Somoe aliwatazama mabibi waliokuwa wamesimama nyuma, mmoja baada ya mwingine, watu wa rika lake, na kila aliyetazamwa alijitia kufunga kanga upya. Halafu akamtazama Riziki. Riziki akaelewa, yote kwa mara moja, kwa nini mama alisema rudia hapo. Ukurasa ule ndio uliokuwa matanga ya Sharifa, ya pekee aliyowahi kuwekewa, na mama alikuwa ameyakalia kwenye kigoda kile siku zote hizi bila kumsumbua mtu. Alifungua kinywa amwite mama. Wanawake walikuwa wanangoja, ngoma zilikuwa zinangoja, na maneno aliyoyasema kwa mjomba hayakuwa na pa kurudia.

"Nimechanganya," Bi Somoe alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Uzee huu. Riziki, niletee kanga yangu, nisiwacheleweshe watoto wa watu."

Riziki akaingia ndani, akamletea.